Jicho Likizimika Ghafla, Usilale Nalo

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya Meru na Embu)



Tumezoea kuongea nanyi juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na vitabu vya hesabu. Leo tutaongea juu ya jicho. Wengine watauliza, jicho na kikundi vinahusianaje? Tunaomba mvumilie kidogo, mtaona kwamba vinahusiana sana.

Katika kutembelea vijiji sisi wahudumu wa jamii tumekutana mara kwa mara na habari za namna moja. Mtu anainua gunia la kahawa, au jiwe la kujengea, au mtungi wa lita ishirini. Anavuta pumzi, anaikaza, anasukuma kwa nguvu zote. Mzigo unapanda. Lakini dakika hiyo hiyo, au saa chache baadaye, jicho moja linaona doa jeusi au jekundu katikati. Hakuna maumivu. Jicho halijavimba, halitoi machozi, kwa nje ni zima kabisa. Mtu anajiambia, "Ni uchovu tu, nikilala litapona." Anangoja siku tatu, wiki, mwezi. Wengine kweli hupona. Wengine hupoteza jicho moja kwa moja. Basi swali letu la leo ni hili: kwa nini huyu alipona na yule akapofuka, na kila mmoja wetu afanye nini siku ile ya kwanza?

NDANI YA JICHO KUNA NINI

Jicho ni kama chumba chenye dirisha mbele. Mwanga unaingia kwa dirisha na kuanguka kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta huo umebandikwa ngozi nyembamba sana inayoitwa retina. Retina ndiyo inayopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Katikati yake kuna sehemu ndogo tunayotumia kusoma, kutia uzi kwenye sindano na kutambua uso wa mtu. Sehemu hiyo ikiharibika, mtu anaweza kuona mlango ulipo lakini asimjue anayeingia. Na katikati ya chumba mumejaa ute mzito, mfano wa weupe wa yai bichi.

Mambo mawili tofauti yanaweza kuipata retina, na watu wengi huyachanganya.

La kwanza ni damu. Mtu anapokaza pumzi na kusukuma, presha ndani ya kifua inapanda. Damu iliyokuwa ikirudi kutoka kichwani inazuiliwa njiani. Ninyi wa Igembe na Tigania mnaujua mradi wa maji wa Tuuru, ule ulioanzishwa na Bruda Giuseppe Argese wa Wakonsolata, ambaye watu walimwita Mukiri. Mnajua maji yakishuka kutoka msitu wa Nyambene halafu yakafungiwa chini kwa ghafla, mahali penye mpira dhaifu ndipo hupasuka. Ndivyo ilivyo kwa mishipa midogo ya retina. Ukipasuka mmoja, damu inatapakaa mbele ya retina, na mtu anaona doa. Jambo hili laweza kuletwa na mzigo mzito, kikohozi kikali, kutapika, choo kigumu, hata kusukuma wakati wa kujifungua. Mwaka 1972 daktari mmoja wa Marekani, Thomas Duane, alilieleza vizuri, na likapewa jina la Antonio Valsalva, Mwitaliano wa zamani (1666–1723) aliyechunguza namna ya kusukuma pumzi huku mdomo na pua vimefungwa. Habari njema ni kwamba, kama hakuna ugonjwa mwingine, damu hiyo kwa kawaida hunyonywa na mwili wenyewe kwa wiki au miezi kadhaa, na mtu huona tena vizuri. Ikiwa nyingi na imekaa katikati, daktari anaweza kutumia leza kuifungulia njia.

La pili ni retina kuchanika na kubanduka. Hili ni jambo lingine kabisa. Kadiri mtu anavyoendelea kuwa na umri, ule ute wa ndani unalegea na kujivuta kutoka ukutani. Ukivuta kwa nguvu mahali penye udhaifu, retina inachanika. Maji ya ndani ya jicho yanapita kwenye ufa, yanaingia nyuma ya retina na kuibandua, kama vile karatasi ya ukutani inavyobanduka nyumba ikivuja. Retina iliyobanduka inakosa chakula na kuanza kufa. Haijirudishi yenyewe. Ikiachwa, jicho hupofuka.

Wengi husema, "Ni mzigo ulionibandua jicho." Tuseme ukweli: mara nyingi mzigo unalaumiwa bure. Kwa jicho zima kabisa, kubeba mzigo peke yake si kawaida kuibandua retina. Mara nyingi kulikuwa na udhaifu wa tangu mbele: mtu asiyeona mbali tangu utoto, aliyepasuliwa mtoto wa jicho, aliyewahi kupigwa jichoni kwa jiwe au kwa kipande cha kuni, au ambaye jamaa yake alipata shida hiyo hiyo. Hata ile damu tuliyoitaja kwanza, mara nyingine chanzo chake ni ugonjwa wa sukari ambao mwenyewe hajui kama anao, au presha ya damu. Kwa hiyo mtu akiona doa baada ya kubeba mzigo, asitosheke kulaumu mzigo. Apimwe jicho, apimwe sukari, apimwe na presha. Huenda jicho limemwonyesha ugonjwa ambao ungemmaliza kimyakimya.

DALILI ZA KUSHIKA KICHWANI

Hizi tunaomba mziandike kwenye kitabu cha kikundi:

1. Vidoa vyeusi vingi vinavyoelea kama mbu au masizi, vilivyoanza ghafla.
2. Mwanga unaomulika pembeni mwa jicho kama radi ya mbali, hata ukiwa gizani.
3. Kivuli au pazia linaloingia kutoka upande mmoja, juu au chini, na kuendelea kusogea.
4. Doa jeusi au jekundu katikati ya jicho.
5. Jicho moja kupoteza nuru yote au nusu, hata kama halina uchungu.

Tunarudia neno hilo: hata kama halina uchungu. Hapa ndipo watu wetu wanapodanganyika. Tumezoea kwamba ugonjwa mkubwa huuma. Retina haiumi. Inaondoka kimya.

Sasa mtu atauliza, nitajuaje kama langu ni la damu, litakalopona, au ni la kubanduka, lisilongoja? Jibu ni kwamba nyumbani huwezi kujua. Jirani hawezi kujua. Hata daktari hawezi kujua kwa kutazama jicho kwa nje. Ni lazima atie dawa ya kupanua mboni, atazame mpaka nyuma kwa chombo chake. Yule aliyepona bila kwenda hospitali hakuwa na akili kuliko mwenzake. Alikuwa na bahati tu. Kwa hiyo kanuni ni moja kwa wote: jicho likibadilika ghafla, nenda siku hiyo hiyo.

Na kina mama wajawazito tuwaambie kwa pekee. Mama mwenye mimba akiona ukungu au vimulimuli, huku kichwa kinamuuma na uso au mikono imevimba, hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo.

KWA NINI SIKU NI CHACHE

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii ni kama ilitungwa kwa ajili ya retina. Ikikutwa imechanika tu, kabla ya kubanduka, daktari huuziba ufa kwa leza au kwa baridi kali, na kwa kawaida mtu hurudi nyumbani siku hiyo. Huko ndiko kuziba ufa. Ikiwa imeshabanduka, unahitajika upasuaji mkubwa chumbani mwa upasuaji. Huko ndiko kujenga ukuta.

Tena kuna tofauti kubwa kati ya aliyebandukwa pembeni na yule ambaye hata sehemu ya katikati imebanduka. Wa kwanza, akiwahi, anaweza kuhifadhi nuru yake karibu yote. Wa pili anaweza kutibiwa na retina ikarudi mahali pake, lakini kuona kwake mara nyingi hakurudi kama zamani. Kutoka hali ya kwanza mpaka ya pili zaweza kuwa siku chache, pengine saa chache. Ndiyo maana tunasema usilale nalo.

Na msikubali mtu awaambie hakuna dawa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli zamani za babu zetu. Kabla ya miaka ya 1920, karibu kila aliyebandukwa retina, hata Ulaya, alibaki kipofu. Ndipo daktari Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha kwamba siri ni kuutafuta ufa na kuuziba. Wenzake walimpinga kwanza, baadaye wakamfuata. Tangu hapo macho mengi sana yameokolewa.

NJIA YA KUFUATA

Anzia zahanati au kituo cha afya kama ndicho kilicho karibu, lakini sema wazi: "Jicho langu limepoteza nuru ghafla, naomba barua ya rufaa leo." Usikubali kurudishwa na dawa ya matone tu. Hospitali za rufaa za Meru na Embu zina idara za macho. Wakiona ni retina, huenda wakakutuma Nairobi au karibu nayo, kama vile Hospitali ya Kenyatta au kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu. Kutoka mji wa Meru ni safari ya zaidi ya kilometa 200. Tunajua ni mbali na ni gharama, tutaligusa jambo hilo sasa hivi.

Ukiwa njiani usibebe mzigo, usiiname kufanya kazi, usisugue jicho. Usitie chochote jichoni: si maji ya majani, si asali, si maziwa ya mama, si matone uliyopewa na jirani. Mtasema, katika Biblia mzee Tobiti aliponywa kwa nyongo ya samaki. Ni kweli, lakini Tobiti alikuwa na vidonda vyeupe mbele ya jicho, na aliyetoa maagizo alikuwa malaika Rafaeli. Retina iko nyuma kabisa, dawa ya kupaka haifiki huko. Kanisa letu linatufundisha kumheshimu mganga na dawa. Someni nyumbani kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Sala na hospitali havigombani.

Wala tusikimbilie kusema amerogwa, au shemeji amemtazama vibaya. Tumeona boma likigawanyika kwa maneno ya namna hiyo, wakati mgonjwa alihitaji nauli tu.

Jambo lingine la kujua ni hili. Baada ya upasuaji wa retina, daktari mara nyingi huacha kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kuishikilia retina. Mgonjwa huagizwa kulaza kichwa kwa namna fulani kwa siku kadhaa, hata kifudifudi. Inachosha, lakini ni nusu ya dawa. Tena gesi hiyo hupanuka mtu akipanda mahali pa juu, na inaweza kuliua jicho kwa presha. Haruhusiwi kabisa kupanda ndege. Sisi tunaoishi mlimani lazima tumwambie daktari tunapokaa na barabara tutakayopita. Ile ya kupitia Nanyuki na Timau hupanda juu sana kuliko ya kupitia Embu na Chuka. Muulize kabla hujaondoka, "Niende nyumbani lini, na nipitie wapi?"

KAZI YA KIKUNDI

Sasa tumefika mahali penyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 watu walipimwa macho vijijini katika kaunti ya Meru, wapimaji wakitumia simu za mkononi. Walioonekana na shida walipewa miadi ya kufika kliniki. Wachunguzi walipohesabu, waliofika hawakufika nusu. Na waliofika wachache kuliko wote walikuwa wa miaka 18 hadi 44, yaani wale wenye nguvu, wabebaji wa mizigo, wavuna mawe na mchanga, wachuma chai na miraa. Hawa hawana nafasi ya kuumwa. Siku ikipotea, chakula kimepotea.

Tuchukue mfano. Kijana anapasua mawe ya kujengea. Jumatatu jioni anaona pazia kwenye jicho la kushoto. Ana mke na watoto wawili. Mfukoni ana nauli ya kufika mjini tu. Kikundi chake kina pesa kwenye benki, lakini mkutano ni mwisho wa mwezi, na mweka hazina hawezi kutoa senti bila mkutano. Basi anangoja. Mwisho wa mwezi wanachama wanamchangia kwa moyo mweupe, pesa nyingi kuliko zile alizohitaji Jumanne. Lakini jicho limekwisha kwenda. Hapo nani mkosaji? Hakuna aliyekosa moyo. Kilichokosekana ni utaratibu. Kwa hiyo tunawaomba mrudi nyumbani mkajadili mambo haya matano:

Kwanza, mfuko wa dharura. Si mkubwa. Utoshe nauli ya watu wawili kwenda Nairobi na kurudi, na chakula cha siku chache. Uwekwe mbali na pesa za mzunguko.

Pili, kanuni ya kutoa siku hiyo hiyo. Watu watatu, tuseme mwenyekiti, mweka hazina na mwanachama mmoja, wawe na ruhusa ya kuutoa bila kungoja mkutano, halafu waeleze kwenye mkutano unaofuata. Mgonjwa arudishe polepole bila faida.

Tatu, msindikizaji. Mtu mwenye jicho moja lililozimika, aliye na hofu, asipelekwe peke yake. Mjue tangu leo ni nani anayeijua Nairobi, na ni nani atakayekamua ng'ombe wa mgonjwa akiwa huko.

Nne, bima. NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 mahali pake pamechukuliwa na SHA. Kila mwanachama ajiandikishe, na mchango wake uwe umelipwa, maana kujiandikisha peke yake hakutoshi. Kabla ya upasuaji ulizeni hospitali ni kiasi gani bima italipa na ni kiasi gani kitabaki.

Tano, kupimana. Kila mkutano, kabla ya sala ya kufunga, kila mtu afunike jicho moja kwa kiganja na kutazama kalenda ukutani, halafu abadilishe. Ni dakika tano tu. Macho mawili hufichiana makosa. Mtu anaweza kukaa miezi na jicho bovu bila kujua. Wenye ugonjwa wa sukari watazamwe retina kila mwaka hospitalini, hata kama wanaona vizuri.

MIZIGO YETU

Hatuwezi kumaliza bila kusema juu ya mizigo. Mama wa Meru na Embu anabeba maji, kuni na watoto, kamba imemkaza kichwani. Hatumwambii asifanye kazi. Tunasema: unapoinua usifunge pumzi, toa pumzi wakati wa kuinua. Gawa mzigo mara mbili. Tumieni wilbaro, punda au mkokoteni. Bei ya wilbaro moja ya kikundi si kubwa ukilinganisha na jicho. Na ninyi wanaume, kuinua mtungi upande wa pili hakumpunguzii mtu heshima. Kuleni mboga na matunda, mnywe maji, ili choo kisiwe kigumu. Kikohozi cha wiki mbili kipimwe. Wapasua mawe na wapasua kuni wavae miwani ya kukinga, na watoto wakatazwe kulengana kwa manati.

Na kama nuru haikurudi? Mwenzetu huyo bado ni mwanachama. Asifutwe kwenye kitabu. Mwenye jicho moja anaweza kufanya karibu kazi zote, ila awe mwangalifu barabarani na kwenye ngazi. Aliyepoteza yote mawili ajiandikishe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Machakos kuna taasisi inayowafundisha watu wazima wasioona kazi za mikono, na watoto wasioona wana shule yao hapa kwetu Igoji, iliyopewa jina la Mtakatifu Lusia, msimamizi wa macho. Sikukuu yake ni tarehe 13 Desemba. Ingekuwa vizuri kama kila kikundi kingekuwa kimeufungua mfuko wake wa dharura kabla ya sikukuu hiyo.

Ndugu zetu, jicho halina spea. Likizimika ghafla usilale nalo, na mwenzako likimzimikia usimwache alale nalo.

Sasa tunangoja maswali yenu.